Mwajiri Wangu wa Kwanza

Mara ya pili kampuni ya kufungasha dagaa iliponikataa, sikulia. Nilipanda bodaboda kutoka mtaani Buzebazeba hadi ofisini kwao nikaulize kasoro yangu ni nini. Wanitake wasinitake, lakini waniambie usoni.

Dada Aikande, anayechambua maombi ya kazi, mtu wa Moshi, hakukasirika. Alinisukumia rundo la karatasi. "Soma, Agnesi."

Nikasoma. CV za waombaji wenzangu, Walter, Semeni na Castory: wote "wachapakazi wanaojituma", wote wanapenda kusoma vitabu na kusikiliza taarifa ya habari. Neno kwa neno kama yangu! Sote tulichapiwa CV na Thobias wa steshenari ya Rusimbi, naye hubadilisha jina na picha tu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nikifika ya tatu sisomi tena," Dada Aikande akasema. "Halafu wewe kwenye uzoefu umeandika hakuna, na kazi yenyewe ni kukagua dagaa."

Mezani palikuwa na bakuli la dagaa wa sampuli. Mkono wangu una kiherehere. Nikachota, nikanusa, nikavunja mmoja. "Hawa walianikwa mchangani, wakanyeshewa, wakaanikwa tena. Msinunue."

Akanitazama. "Nani kakufundisha?"

"Mama. Nimeanika naye Kibirizi miaka tisa, tangu niko shule hadi nimemaliza chuo."

"Mbona hukuandika?"

Thobias aliniambia kazi ya kuandikwa kwenye CV ni ile yenye barua ya ajira. Nami, mjinga, nikaionea haya kazi iliyonisomesha.

Nikaomba karatasi, nikaandika kwa mkono palepale: vichanja tulivyoanikia, masika zote tulizopambana nazo, na kwamba hakuna gunia letu lililowahi kurudishwa. Penye jina la mwajiri nikaandika: Veneranda, Kibirizi. Na namba yake ya simu.

Kesho yake Mama akapigiwa simu akiwa anageuza dagaa. Alipoulizwa kama yeye ndiye mwajiri wa Agnesi, alijipangusa mikono. Kisha akajibu kwa sauti ya kusikika mwalo mzima hadi kwenye mitumbwi: "Ndiye mimi! Mwana wanje huyo, mtoto wangu, nimemfundisha mwenyewe. Akikosea, mnirudishie!"

Nilianza kazi Jumatatu. Mpaka leo Mama anawaambia wachuuzi wenzake kwamba kampuni ilimpigia kwanza kumwomba ruhusa, na mimi simsahihishi.