Paa Bila Osuri

Frankline alikuwa amembembeleza baba yake mpaka mzee mwishowe akashuka Kisumu kutoka Muhoroni, amevaa koti lake la kanisa, ati aone hiyo kazi ya rangi inayofanya mwanaume mzima alale mpaka jua likiwa juu. Ilikuwa siku ya kufungua jumba jipya la sanaa, lile kubwa karibu na ziwa, na picha ya Frankline ilikuwa imewekwa ukuta wa kwanza kabisa, pale kila mtu anaingilia. Picha kubwa kama mlango, ya nyumba ya mzee mwenyewe. Yaani Frankline alikuwa anatembea kama ameshinda kura.

Lakini hakuwa anatafuta sifa tu. Desemba mzee alifaa kumpeleka akafungue boma lake, na kwa Wajaluo baba ndiye hutangulia kuingia, jogoo akibebwa. Baba akikataa, utakaa kwa kile kijumba chako cha ujana mpaka uote mvi. Na mzee alikuwa bado anauliza mtu wa kuchora anataka boma la nini. Frankline akajiambia, akiona hii picha ataelewa.

Mzee akasimama mbele yake. Mlango akautambua. Mtungi kando ya ukuta akautambua, akatabasamu, hata akauliza kama yule kuku ni wa mama. Frankline akatoa simu haraka ampige picha akicheka. Halafu macho ya mzee yakapanda mpaka juu ya paa, na lile tabasamu likaisha hivi, kama stima imepotea.

"Wuoda, mwanangu," akasema polepole, "mimi nilikufa lini?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Frankline naye akaanza kucheka, akaangalia paa, na kicheko kikakatika. Hakukuwa na osuri. Ule mti mwembamba unaochomoza juu ya nyumba ya mwenye boma, unaosimama akiwa hai na kuvunjwa akifa, haukuwa hapo. Na aliyeutoa ni yeye, kifungua mimba. Anga ilikuwa imetoka poa sana, rangi ya chungwa mpaka unaisikia mdomoni, halafu kamti kanakata wingu katikati. Akakafunika na rangi. Hakufikiria hata kidogo.

Akajaribu kueleza, maneno yakatoka vibaya, akasema baba, ni picha tu, na hapo akajua amezidi kuharibu. Mzee akasema Muhoroni yote iko Facebook, wataiona, kesho wataanza kumpigia mama simu za pole.

"Mtoto akivunja osuri ya babake," akauliza, "anaharakisha nini?"

Mzee akaingiza mkono kwa koti, na kijana akadhani anatafuta kitambaa. Kumbe ni biro. Mzee akavuka kamba ya kuzuia watu, akasimama kwa vidole vya miguu, akachora. Mstari wa bluu, mnene, umepinda kidogo kama ule wa nyumbani, katikati kabisa ya anga ya Frankline.

Soja akapuliza filimbi. Simu zikainuka kila upande. Ishita, msimamizi wa jumba, akaja mbio viatu mkononi, akashika kichwa. Akamwambia Frankline asiogope, kuna dawa ya kutoa wino, picha itarudi vile ilikuwa. Lakini isipofutwa itabidi itoke ukutani, maana hawezi kuonyesha wageni picha imechorwachorwa.

Mzee hakumwangalia Ishita. Alikuwa anaangalia mtoto wake, biro bado mkononi.

"Hakuna kufuta," Frankline akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Ishusheni."

Wakaishusha. Ukuta wa kwanza ukabaki na misumari tu, na Frankline akaikazia macho. Nyuma yake mzee alikuwa ameshapiga simu nyumbani, anaongea Dholuo kwa nguvu kama mtu hana network, anamwambia mama asithubutu kuuza yule jogoo mwekundu. Desemba huyo ndiye watabeba wakienda kufungua boma la Frankline.