Gari Halichemshi

Jumamosi asubuhi Khalfani alisimama kwenye kiwanja cha fundi Hemedi pale Visiga, kando ya Barabara ya Morogoro, akieleza maradhi ya gari lake. Ukiwasha indiketa, taa zote za dashibodi zinapepesa. Saa inaandika namba nusunusu. Na mshale wa joto unapanda mpaka mwisho, lakini gari halichemshi.

Khalfani alikuwa afisa mifugo, mtu mpole na mpenda amani, hasa ile amani isiyomtaka afanye chochote. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, la zamani kiasi kwamba vipuri vyake vilipatikana kwenye magari yaliyokufa tu.

Hemedi, fundi umeme wa magari, alianza na yaliyo rahisi. Alisafisha vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe, akakaza waya wa ethi uliokuwa umeliwa na kutu, akabadili fyuzi. Taa zikaacha kupepesa. Saa ikaandika namba nzima. Akabadili na sensa ya joto, kisha wakalijaribu gari mpaka Mlandizi na kurudi. Mshale ulikaa mahali pake, chini kidogo ya katikati. Hemedi akanawa mikono.

Khalfani alipita nyumbani kumchukua mkewe, Raudha, waende sokoni Maili Moja. Njiani alimwambia kwamba Faraji, kaka yake Raudha, alikuwa amepiga simu kutoka kijijini Masaki, Kisarawe, kuwasalimu. Mshale ukapanda. Khalfani akaegesha, akafungua boneti, akagusa rejeta. Ilikuwa na uvuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto.

Wakarudi kwa Hemedi. Safari hii aliing'oa dashibodi, akaipakata kama sinia la pilau, akafuata waya mmoja mmoja kwa testa. Nyaya zote zilikuwa nzima. Alipomaliza kuirudisha, alimwomba Raudha akae palepale kiti cha mbele, na Khalfani aongee lolote litakalomjia. Khalfani akaongea habari za chanjo ya kuku. Mshale ukatulia. Akaongea habari za mvua. Mshale ukatulia. Akamtaja Faraji, na mshale ukapanda mpaka ukagonga kikomo.

Hemedi alizima gari.

"Bosi, gari ni zima," alisema. "Linampima shemeji aliyekaa hapo mbele."

Alieleza kwamba aliwahi kuletewa jingine la namna hiyo kutoka Mbwawa, ila lile lilikuwa likipima usingizi wa kondakta. Ugonjwa huo hauna kipuri. Angeweza kuukata waya, mshale ukalala, maana ndivyo wengi wanavyotaka taa zao za dashibodi zifanywe. Khalfani akasema akate. Raudha akasema asikate, na kwa kuwa joto lilikuwa lake, Hemedi akamsikiliza yeye.

Chanzo cha joto hilo kilijulikana kwa kila mtu Masaki. Marehemu baba yao, Mzee Mwinjuma, aliacha shamba la mikorosho. Baada ya arobaini, mashehe walikaa wakaligawa mafungu matatu: mawili ya Faraji, moja la Raudha. Faraji alikubali mbele ya watu wote, akawashukuru mashehe kwa kazi nzuri, na tangu siku hiyo akawa anavuna yote matatu. Kila msimu alimpelekea dada yake kifurushi cha korosho, na salamu. Khalfani alimshauri mkewe avumilie, undugu usije ukavunjika. Raudha akanyamaza. Alinyamaza vizuri sana, huku akipika na kucheka na majirani, hata Khalfani akaamini jambo lile lilishakwisha. Sasa alikuwa akiendesha huku likimtazama kwenye kioo cha dashibodi.

Waliizoea hali ile. Baadaye ilibainika kwamba mshale wa mafuta nao ulifuata tumbo la dereva. Walipotoka kwenye shughuli ya maulidi Kisarawe, Khalfani akiwa ameshiba wali na mbuzi, geji ilionyesha tangi limejaa pomoni, na gari likazimika Kiluvya. Tangu hapo akawa anabeba kidumu. Habari zikaenea Visiga. Laurensia, jirani yao muuza vitenge, aliomba lifti akakaa mbele, mumewe nyuma. Kabla hawajafika lami, mumewe aliomba kushuka, akasema daktari amemshauri atembee.

Raudha hakusema mengi kuhusu mshale wake, ila alikuwa akiutazama kila safari, jinsi mtu aliyetoka kuugua anavyojitazama kwenye kioo. Msimu wa korosho ulipofika, akamwambia mumewe:

"Baba Abdala, twende Masaki. Safari hii nitasema mwenyewe."

Khalfani akamuuliza kama si vizuri wasubiri kidogo. Raudha akaingia kwenye gari, akafunga mkanda.

Faraji aliwapokea kwa furaha ya kweli. Alikuwa mtu mkarimu, hakuna aliyewahi kutoka kwake na njaa. Aliwatandikia mkeka, akawaletea mihogo ya kuchemsha na korosho za moto, akauliza habari za Abdala shuleni. Raudha akala kidogo, akanawa, akasema aliyokuja kuyasema.

"Kaka, nimekuja kuchukua fungu langu. Msimu huu nataka kuvuna mwenyewe."

Faraji hakukasirika hata kidogo. Alikubali moja kwa moja. Alisema fungu la dada yake lipo, halijaenda popote, yeye alikuwa akilitunza tu lisiingiliwe na wachoma mkaa, na watakaa walizungumze kwa nafasi. Tatizo ni kwamba korosho zilizokwishaokotwa zilitakiwa kufika ghalani Kisarawe kabla ghala halijafungwa, na bodaboda aliyemwahidi hakutokea. Akaligeukia gari. Khalfani, mpenda amani, akaenda kufungua buti.

Magunia yalijaa nyuma, mengine yakapandishwa kwenye kiti. Faraji, kwa kuwa ndiye mkubwa, alikaa mbele. Raudha alijibana nyuma, gunia moja begani na jingine miguuni. Lile la miguuni lilikuwa la mikorosho ya upande wa kisimani, ambayo mashehe walisema ni yake. Alizitambua korosho zake kwa ukubwa.

Gari lilipoondoka, Khalfani aliutazama mshale wa joto. Ulishuka. Ulifika mahali pake pa kawaida, ukapapita, ukashuka mpaka chini kabisa na kulala pale, kana kwamba injini haijawashwa. Khalfani akagongagonga kioo kwa kidole. Haukutikisika. Pembeni yake Faraji alikuwa akisimulia jinsi Mungu alivyomjalia afya: hana presha, hana kisukari, na usiku akishasali, usingizi humchukua mara moja.

Raudha alichungulia kati ya magunia.

"Baba Abdala, mshale unasemaje?"

"Umelala," akasema Khalfani.

Faraji naye akainama kuutazama, akaridhika.

"Basi limepona," alisema. "Haya magari ya zamani yanataka fundi tu."

Raudha alilikumbatia gunia lisimwangukie kwenye kona, akalishika hivyo mpaka Kisarawe.

Ghalani walishusha magunia yote. Faraji alimshukuru shemeji yake, akampa dada yake kifurushi cha korosho za kukaanga, akamsisitizia asiwe mgeni, aje tena wazungumze lile jambo. Raudha alirudi kukaa kiti cha mbele, kifurushi mapajani. Khalfani alikuwa hajageuza ufunguo, na mshale ulikwishaanza kupanda.

Faraji alikuwa bado mlangoni pa ghala, akiwapungia mkono. Khalfani naye akampungia. Mshale ukagonga kikomo, akawasha gari, akaingiza gia.