Mzimu Wenye Adabu

Kinyozi wa mlango wa pili anaapa mpaka leo kwamba aliona mzimu. Anasema alikuwa anafungua duka asubuhi, akachungulia dirisha la karakana yetu ya magodoro, akaona kitu cheupe kuanzia utosini hadi kwenye kucha kimekaa juu ya rundo. Kikapiga chafya, kikamtazama, kikasema, "Samahani, mwanangu." Kinyozi akatimua mbio. Wateja wake walimuuliza tangu lini mizimu ikawa na adabu kuliko vinyozi.

Mimi hushona kingo za magodoro hapo, na sindano humfundisha mtu kunyamaza na kuangalia. Kwa hiyo nilikuwa nimeona mambo kabla yake. Binti wa fundi, tunayemwita Kifaranga kwa sababu sufi haimtoki kichwani, alikuwa ameanza kucheka peke yake. Hakuwa mtoto wa kucheka. Wenzake mtaani walimkimbia, eti ukimsogelea unapiga chafya. Akitoka shule alijifungia chumba cha sufi akaongea na mito. Siku moja nikasikia mito inamjibu.

Nilipoingia nilimkuta bibi kizee amezama kwenye sufi mpaka shingoni, Kifaranga anamlisha ndizi. Nikamwamkia, mzimu au si mzimu, mkubwa ni mkubwa.

Akatueleza kwamba ametoroka kwa mwanawe. Mwana alimnunulia godoro la sponji, lile la zamani la sufi akalileta kwetu lichanwe, litiwe kwenye mito. Sponji likawa linammeza, usiku kucha kazi yake kujiokoa. Akilalamika anaambiwa, "Mama, wewe pumzika tu." Lile la sufi alililalia tangu aolewe. Lina bonde lake, na pembeni lina bonde la marehemu mume wake.

"Wakilichana," akasema, "nitalala wapi na mzee wangu?"

Sikumwambia fundi. Hakuniuliza.

Kifaranga akawa mlinzi. Fundi huanza na godoro la juu, basi kila akigeuka, mtoto analisukumia la bibi, lenye maua ya bluu, chini kabisa, jasho likimtoka. Fundi akawa ananung'unika kwamba godoro la maua ya bluu analiona juu, akigeuka tena halipo, labda macho yamezeeka. Naye bibi akamfundisha mtoto kupiga mluzi kwa vidole viwili, jambo ambalo mabibi wa heshima hawafundishi.

Sasa asubuhi ile kelele za kinyozi zikajaza watu mlangoni. Fundi akaja kukagua rundo, akalivuta godoro la maua ya bluu, akachukua mkasi. Kifaranga akajilaza juu yake, mikono ameitandaza.

"Hili hapana, baba."

Fundi akamuuliza kwa nini. Mtoto akazidi kuling'ang'ania, alikuwa ameahidi kutosema. Fundi akamshika mkono amwinue, na hapo chumba cha sufi kikapiga chafya.

Bibi akatoka mwenyewe, mweupe kama alivyosimuliwa. Kinyozi akajificha nyuma ya mteja. Katika kundi lile mwanamume mmoja mnene akapenya mbio, macho mekundu. Ndiye mwanawe, alikuwa anamtafuta tangu juzi. Akapiga magoti kwenye sufi, akapiga chafya yeye pia, akamwambia mama yake kwamba nyumba nzima haijalala.

"Hata mimi sijalala tangu uniletee lile dude," bibi akasema. "Mwulize huyu mjukuu wangu. Yeye alinisikiliza."

Watu wakacheka, mwana akacheka huku machozi yanamtoka. Akakubali kwamba godoro linarudi nyumbani, sponji atalilalia yeye, limmeze yeye.

Tukalipakia kwenye mkokoteni, bibi akapanda juu yake kama bibi harusi. Kifaranga alikuwa ameshika ncha ya godoro, haiachii.

"Baba," akasema, "niende na bibi? Jioni nirudi."

Fundi alikuwa na sindano mdomoni. Mkokoteni ukaanza kusogea, bibi akapiga mluzi mmoja mrefu, na fundi bado anatafuta pa kuichomeka ile sindano apate kujibu.