Likizo ya Oleta

Alhamisi tarehe kumi na sita Februari, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, kijito cha Caney kililibeba basi la shule namba kumi na nne. Ndani yake alikuwamo mke wangu, Oleta, peke yake. Watoto wa bonde la chini, kumi na mmoja, alikuwa ameshawafikisha shuleni. Alikuwa anawafuata wa bonde la juu.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu ya mvua. Alfajiri nilimwambia asiende. Akampigia bosi wake, Bi Tackett, mkuu wa shule za wilaya, simu ikiwa mezani kwa sauti ya juu, nikasikia kwa masikio yangu.

"Oleta, mama, wiki hii jimbo linahesabu vichwa," alisema Bi Tackett. "Mtoto asiyekuwa kwenye kiti, fungu lake la mwaka mzima hatupewi. Tukifunga leo napunguza walimu wawili. We endesha polepole tu."

"Na daraja la Caney je?"

"Gavana hajatangaza kitu. Mimi nitafunga kwa idhini ya nani?"

Oleta akaweka simu mfukoni, akaanza kumimina kahawa kwenye chupa yake. "Usininunie, Burl. Miaka thelathini umeingia chini ya mlima kuchimba makaa, mimi nilikuzuia?"

"Mlima hauna maji."

"Mi najua kuogelea. We angalia maharage yasiungue."

Nikayaangalia. Hayakuungua.

Gavana alitangaza maafa saa tisa alasiri. Tulikuwa tumeshautoa mwili wake majini.

Mwezi wa tatu jirani yangu Dewey alikuja na karatasi baada ya ibada. Ilimwomba mbunge wetu wa jimbo, Garland Pruitt, apeleke muswada: watumishi wa umma wapewe likizo ya maafa yenye malipo kwa siku zote za mafuriko yale, na shule zisipunguziwe fedha kwa siku hizo. "Weka sahihi, Burl," aliniambia, "Oleta angetaka." Nikaweka. Sikusoma. Shule niliacha darasa la sita, na miwani ilikuwa kwenye pikapu. Sheria ikapita Aprili bila hata mmoja kuipinga, nasi huku tukapiga makofi, mimi nikiwemo.

Mei nikaenda ofisi za wilaya. Pale ukutani kuna bamba la shaba lenye majina ya watumishi waliofia kazini: wazimamoto, naibu sherifu wa polisi, mtu wa barabara aliyeangukiwa na mwamba. Yako tisa. Nilitaka liongezwe la Oleta. Sikuwafuata kwa kingine chochote.

Karani ni Lorene, binti wa mwenzangu wa mgodini. Aliangalia kompyuta yake, akaangalia tena.

"Mjomba Burl, haitawezekana."

"Kwa nini?"

"Hii sheria mpya. Inasema watumishi wote wa wilaya walikuwa likizo tangu saa sita usiku wa kuamkia tarehe kumi na sita. Shangazi Oleta hakuwa kazini."

"Alikuwa kwenye basi, Lorene."

"Kwenye karatasi alikuwa likizo, mjomba."

"Likizo gani ya kuendesha basi la serikali kwenye mafuriko?"

Akaanza kulia. Nikajuta, maana si yeye aliyeandika. Walioandika wako mji mkuu, kwenye jengo lenye kuba, na miguu yao haikulowa.

Mwezi Agosti, Pruitt alikuja kushukuriwa. Ukumbi wa michezo wa shule ulijaa, meza zimejaa kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi. Bi Tackett akasoma barua ya jimbo: kwa sheria hiyo hiyo, tarehe kumi na sita Februari shule yetu imehesabiwa kuwa ilikuwa wazi, na watoto wote walikuwepo. Hakuna mwalimu atakayepunguzwa. Watu wakasimama kushangilia. Walipoketi, mimi sikuketi.

"Mheshimiwa, kwa hiyo watoto walikuwa shuleni siku ile?"

"Kila mtoto, mzee wangu."

"Na watumishi walikuwa likizo?"

"Wote! Kwa malipo kamili." Alitabasamu, akidhani namshukuru.

Dewey akanivuta shati. "Kaa chini bwana, kuku anapoa."

"Kale basi, nani kakushika mdomo?"

Nikamuuliza Pruitt jambo moja la mwisho. Tabasamu likamganda. Alimtazama Bi Tackett, Bi Tackett akaitazama barua, halafu mtu akawasha muziki. Sasa theluji imeshaanguka mara mbili. Nimeandika barua nne za kwenda mji mkuu kwa mwandiko wangu mbovu, bamba bado lina majina tisa, na swali ni lile lile nililouliza nikiwa nimesimama peke yangu pale ukumbini: nani aliwaleta hao watoto?