Wa Pili Dirishani

Jumatatu hiyo Orpa alikuwa kwenye benchi la ofisi ya Base Camp, kambini kwa wakimbizi, akichambua maharage juu ya kitenge ili foleni isimlie siku bure. Zamu yake ilipofika, karani Musoni alimtazama kupitia wavu wa dirisha, akapokea simu, akasema, "Nyabo," yaani bibi, "weit a sekondi."

Orpa alielewa. Mwalimu Thaddée aliwahi kuwafundisha Kiingereza siku moja katika kanisa la mabati la Rubondo, mtaani kwao kambini: fest ni wa kwanza, sekondi ni wa pili. Juma lililofuata mwalimu akapata kazi Mbarara, darasa likafa kabla halijafika kwenye mambo ya saa.

Basi akarudi benchini kumngoja huyo wa pili. Hakuona ajabu. Ofisi ile haikuwahi kumhudumia wa kwanza tangu watu walipovuka kutoka Kivu, Kongo. Waliofika juzi na majina ya wajomba wakubwa walipita. Waliofika na matope ya Fizi miguuni waliota mizizi.

Wa pili alikuja kabla maharage hayajaisha. Alikuwa Orpa, kitenge kilekile, kovu lilelile la moto kwenye kiwiko, ila miguu yake haikuwa na vumbi.

"Jambo, dada," alisema, akapita hadi dirishani. Foleni ikampisha. Musoni akampiga picha, akachukua alama za vidole, akamwambia kesi ya familia imepita: watapimwa afya Mbarara, kisha wataondoka kwenda ng'ambo.

Wakarudi Rubondo pamoja, wakisaidiana kuni. Constantin, mumewe, aliwatazama wote wawili, akasogeza kigoda kingine.

"Wewe ndiye wa kwanza, mama Joël, hilo sibishi," alisema. "Lakini karatasi inajua huyu."

Wivu ulimwingia Orpa polepole, kama moshi unavyoingia kwenye nguo. Wa pili alitwanga sombe ya majani ya muhogo laini kuliko yake, kwa kinu kilekile. Alicheka mizaha ya Constantin ambayo Orpa alichoka kuicheka zamani. Élyse, kitinda mimba, alipougua homa akamwita mama, wakainuka wote wawili. Mtoto akanyoosha mikono kwa yule mwingine.

"Unamupenda?" Orpa alimuuliza mumewe shambani.

"Si ni wewe?" alijibu Constantin. "Nisimupende kwa nini?"

Orpa akaendelea kulima.

Siku moja, wakifua nguo kisimani, akamgeukia mwenzake. "Ulikujaka kufanya nini?"

"Si uliningoja?"

"Niliambiwa. Weit a sekondi."

Wa pili akacheka hadi sabuni ikamponyoka. "Dada yangu, iyo si mutu. Sekondi ni ile segonde ya Kifaransa. Wakati kadogo sana, unapepesa jicho, imeisha."

Orpa akakamua shati la Constantin mpaka likalia. "Na kama ningengoja iyo kadogo?"

"Ungekuwa ungali kwenye benchi," alisema wa pili bila ubaya. "Pale fasi ile, nani alishapewa segonde yake?"

Siku ya kwenda Mbarara, Orpa alipanda nao kwenye lori kwa sababu mizigo ilikuwa mingi. Daktari alisikiliza moyo wa wa pili, akasema ni mzima. Wa Orpa hakuna aliyeusikiliza. Kwenye kituo cha basi alimvalisha wa pili sweta yake, maana kule wanasema kuna baridi, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, kwa nguvu kidogo. Joël alimbusu mama huyu na yule. Constantin alimshika Orpa mkono kwa muda mrefu, kama mtu anayeaga nyumba aliyoijenga mwenyewe. Basi likaondoka na familia nzima, akiwemo Orpa.

Ugawaji wa unga ulipofika, Orpa alisimama tena mbele ya wavu. Musoni akaangalia mashine yake.

"Orpa alisafiri, nyabo. Mutu ya kusafiri hapana kula hapa."

"Alifika muzuri?"

"Mashine inasema alifika."

Orpa akafikiri kidogo. "Na batoto, banamuitaka mama?"

"Hiyo mashine hapana jua."

Orpa akamshukuru, akakunja mfuko wake mtupu, akampisha mwanamke aliyekuwa nyuma yake.