Dawa Iliyotaja Nasaba

Jelle, mchuuzi wa ngamia mtaani Waberi, alikuwa akitawadha kwa ajili ya adhuhuri mkewe, Fowsiya, alipoliona doa jeusi kwenye unyayo wake. Mganga wa Bura alilichoma kwa chuma cha moto, tiba inayowafaa ngamia kuliko watu. Doa likaenea.

Daktari alisema ni saratani ya ngozi, nayo imekwisha kufika kinenani. Alikata kipande cha uvimbe, akakipeleka ng'ambo, ikatengenezwa dawa ya Jelle peke yake, ya kuifundisha damu yake kumtambua adui: chupa moja kabla ya upasuaji, nyingine baadaye, ili ugonjwa usirudi.

Chupa ya kwanza ilipofunguliwa ilitaja nasaba: Jelle wa Mahat wa Abdiwahid, ikapanda hadi kwa mababu wa kale. Muuguzi Sabirin aliisubiri imalize, kama adabu inavyotaka, ndipo akadunga. Uvimbe ukasinyaa, daktari akaukata.

Chupa ya pili, iliyokuja kwa basi, ilikwama kwenye kizuizi cha barabara ya Nairobi. Afande alisikia Kisomali ndani ya sanduku la barafu.

"Nani humo?"

"Dawa," dereva alijibu.

"Ina kitambulisho?"

Haikuwa nacho. Ikaamriwa ishuke, ingoje na abiria wengine wanaosailiwa. Abiria hao walisogea, wakaipa kivuli.

Sabirin, aliyepigiwa simu na dereva, alifika na Jelle, aliyetembelea magongo, pamoja na Fowsiya.

"Afande, barafu inayeyuka. Dawa ikipata joto imekufa, na huyu mzee ataifuata."

"Sheria ni sheria, dada. Itaje tena."

Ikataja.

"Imeruka babu mmoja," afande alidai.

"Wallahi hakuna aliyerukwa," Jelle alisema. "Wewe wako unawajua wangapi?"

Foleni ilicheka. Afande alikumbusha kuwa pale kazi yake ilikuwa kuuliza.

Kwa kuwa hakuna sheria iliyokataza sindano barabarani, Sabirin alimdunga Jelle papo hapo. Sauti ilihama kutoka sandukuni hadi kifuani mwake, ikaendelea palepale ilipoachia.

"Alhamdulillahi," alisema Fowsiya. "Sasa hutasahau tena majina ya wajomba zangu."

"Hao haiwataji, mama watoto."

Afande aliinama, akakitegea sikio kifua cha Jelle, akaridhika.

"Kumbe mko wawili. Nionyesheni vitambulisho viwili."

Jelle alitoa chake. Kisha akaenda kuketi kivulini na wale wengine, waliosogea kumpa nafasi, huku kifuani mwake nasaba ikianza upya.