Nani Aonje Halua

Bi Swabaha alirudi kutoka Lamu saa za alasiri, na kabla hajavua buibui alishajua kuna jambo. Masinia ya halua yalikuwa yamejaa. Alasiri, jamani, saa ambayo watu wa Ndia Kuu, Mombasa, hutoka msikitini wakapitia dukani kwa mumewe kuchukua kipande cha kunywea kahawa, na siku zote masinia huwa yamebaki samli tupu. Leo yamejaa mpaka pembeni, na Mzee Faraj amekaa nyuma yake anafukuza nzi.

"Biashara imelala tu, mama Mwanakuu," alimwambia mkewe baada ya salamu na kuulizia hali ya shemeji mgonjwa. "Tangu vita viishe watu wamebadilika."

Vita vimesingiziwa mengi, na hili nalo likaongezwa. Bi Swabaha akamega kipande, akatia kinywani. Marashi yalimpanda puani kama aliyeingia chumba cha maiti, na nyuma ya marashi kulikuwa na uchungu wa sukari iliyoungua. Akameza kwa taabu. Akamtazama mumewe, moyo ukamuuma, kwa sababu alielewa yote papo hapo.

Hapa inabidi nieleze. Duka lile lilikuwa na amri moja kubwa, na Mzee Faraj aliirithi kwa baba yake: sufuria haiteremki motoni mpaka mwenye duka aonje. Chirau na Mung'aro, waliokoroga halua ile kwa miiko mirefu tangu ujana wao, wangekoroga mpaka mikono ife ganzi, lakini kuteremsha hawateremshi. Iliki imepungua, marashi yamezidi, moto mkali, yote yalingoja ulimi wa mtu mmoja. Na ulimi ule ulikuwa ulimi kweli, usiseme. Kisha ikaja homa, miaka mitatu nyuma, ikamlaza mzee hoi. Alipoinuka akaanzisha mtindo mpya. Sufuria ikikaribia, humwita mkewe: "Onja kwanza wewe, mkono wako una baraka." Bi Swabaha huonja, mzee humwangalia usoni, halafu naye huonja, hufikiri kidogo, husema, "Tieni iliki," au "Teremsheni." Akawa hakosei.

Bi Swabaha alijua. Alijua tangu asubuhi aliyosahau akatia chumvi mara mbili katika uji, na mumewe akaunywa wote akamshukuru Mungu. Hakusema kitu. Ulimi wa mtu ndiyo kazi yake na ndilo jina lake mjini. Utaanzia wapi kumwambia? Akawa anauacha uso wake wazi ausome, basi. Kisha dada yake akaugua, akaenda kumuuguza miezi miwili, na uso ukaenda naye.

Na mji mzima ukanyamaza. Watu wa Mji wa Kale hawa, adabu yao itawamaliza. Walinunua halua mbovu, wakasema mashallah, wakaenda kuwapa kuku, na kesho yake wakapita kichochoro kingine ili wasionekane. Hata Bwana Alibhai, mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa ameagiza sufuria nzima kwa arusi ya bintiye Khursheed, alileta ujumbe kwamba arusi imeahirishwa. Mzee Faraj, maskini, alimwombea bi arusi heri.

Bi Swabaha akaenda kwa Khatoon, mke wa Alibhai. Akamkuta sebuleni anatia lesi nguo za arusi ileile. Khatoon aliona haya, akaziweka kando, akamshika mkono.

"Nisamehe, Bi Swabaha. Mume wangu alishindwa kumwambia. Halua ya siku hizi hailiki, na arusi ni Ijumaa hii. Tutachukua kwingine."

Wageni wa Alibhai ni nusu ya mji. Wakila halua ya kwingine siku hiyo, basi Mzee Faraj amekwisha, na Chirau na Mung'aro wamekwisha naye.

"Alhamisi njoo mwenyewe uonje," alisema Bi Swabaha. "Isipokupendeza usichukue. Lakini useme, Khatoon. Useme kwa kinywa chako."

Akarudi kwa hasira, akawavaa wakorogaji. "Nyinyi mna pua. Hamkunusa?"

"Tulinusa, mama," alisema Chirau, macho chini. "Lakini sisi kazi yetu ni mwiko. Kuonja kuna mwenyewe."

Neno hilo lilimkata maini. Amewalaumu hawa, amelaumu mji, na wa kwanza kunyamaza alikuwa yeye. Alhamisi angeweza kusimama mahali pake kama zamani, na kila kitu kingekaa sawa. Lakini dada yake hajapona. Mwezi ujao atarudi Lamu, na iko siku atakwenda asikorudi. Duka zima limeangikwa kwenye uso wa mwanamke mmoja.

Alhamisi sufuria ilichemka vizuri, samli ikaanza kujitenga. Khatoon alikaa uani kwenye kiti. Mzee Faraj akaita, "Mama Mwanakuu, onja kwanza."

Akaonja. Kisha akauvuta mtandio mpaka puani, akainama akawa anatazama makaa.

Mzee naye akaonja. Akamgeukia mkewe, akakuta mtandio. Akaonja tena. Miiko ikazunguka, jasho likawatiririka Chirau na Mung'aro, na mzee amesimama na kijiko mkononi. Bi Swabaha alimwonea huruma, lakini hakuinua kichwa.

"Swabaha," alisema mzee taratibu. Hakuwa akimwita jina lake mbele ya watu. "Niangalie."

"Sema kwanza, mume wangu."

Harufu ya sukari ilianza kugeuka.

"Tangu homa ile sina ulimi," alisema Mzee Faraj. "Sijui tamu, sijui chungu. Nilikuwa nauonja uso wako."

Bi Swabaha akateremsha mtandio. Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni. "Najua. Tangu siku ya uji wa chumvi."

"Miaka yote hiyo? Na hukuniambia?"

"Na wewe hukuniambia."

Mzee akatazama kile kijiko, kijiko cha baba yake. Kisha akamnyoshea Chirau. Chirau akasitasita, akaonja, akasema kwa sauti ndogo kwamba moto upunguzwe sasa hivi na iliki iongezwe. Mung'aro akaonja naye, akasema iliki ndiyo, marashi basi, yasiguswe. Wakabishana kidogo, mara ya kwanza katika maisha yao, na mzee akawasikiliza mpaka wakapatana. Bi Swabaha alikuwa wa mwisho, naye akakubali.

"Teremsheni," wakasema wote wawili, kisha wakamtazama mzee kwa hofu. Mzee akacheka.

Khatoon alikula kipande, akala cha pili, akasema atatuma wachukuzi waje kuchukua sufuria nzima. Alisema kwa kinywa chake.

Walipobaki wawili, Bi Swabaha akamega kipande kingali na moto, akampulizia mumewe, akamtia kinywani. Mzee Faraj akatafuna polepole, macho usoni pa mkewe, hana haraka.

"Tamu," akasema.